Mlimau wa Mpakani

Ploti ya hamsini kwa mia haina nafasi ya mti. Pita vichochoro vya Lanet Jumamosi, watu wakiwa nyumbani, ujionee mwenyewe. Nyumba imekaa katikati, tangi la maji limechukua pembe moja, choo na shimo lake pembe nyingine, banda la kuku limebanwa nyuma ya jikoni, na kilichosalia ni sukumawiki na kamba ya kuanikia nguo. Mti ukipata mahali, basi ni mpakani. Ndiyo maana milimau mingi ya Nakuru imeegemea fensi, na ndiyo maana ule ambao mama yangu aliupanda mwaka 1996 haukuwahi kuwa wetu peke yetu, ingawa karatasi za ploti zina jina la baba.

Kabla ya hapo tulikuwa wapangaji. Mpangaji anaruhusiwa sukumawiki, maharagwe, hata mahindi mistari miwili mitatu, lakini mwenye nyumba akiona unachimba shimo la mti atakuuliza unataka nini hasa. Huku Bonde la Ufa mti wa matunda ni dai. Anayeupanda anatangaza kwamba siku ya kuvuna atakuwepo, na yapo majira ambayo tangazo kama hilo halipendezi kila sikio. Kwa hiyo tulipohamia kwetu, mama hakungoja hata madirisha yatiwe vioo. Alizifukia mbegu za limau kwenye kopo la Kimbo lililotobolewa chini kwa msumari, akaliweka karibu na beseni la kufulia ili asisahau kulinyunyizia maji.

Baba alitaka mche wa kubebesha, ule unaozaa mwaka wa pili au wa tatu. Mama alisema hela ya mche ni hela ya unga. Tena mbegu ya limau ina ukarimu wake: moja yaweza kutoa miche miwili au mitatu, na mingi kati ya hiyo hufanana na mti uliozaa tunda, kinyume cha parachichi, ambalo ukipanda mbegu yake hujui utavuna nini. Gharama yake ni muda na miiba. Sisi tulingoja hadi 2003, na miaka yote hiyo mti ulijua kazi moja tu, kuchana mashati ya watoto waliokwenda kutafuta mpira kwenye fensi ya kayaba.

Mama aliupanda hatua mbili kutoka kwenye fensi. Baba akamwonya kwamba matawi yatavuka na kuleta kesi.

"Si yavuke," akasema.

Upande wa pili aliishi bibi mmoja tuliyemwita Kogo, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa na mbuzi, na michungwa yake miwili iliyokuwa mikubwa kabla yetu kufika. Mbolea yetu yote ilitoka kwenye zizi lake. Ilikuja kwa ndoo kupitia tundu la fensi, imeoza vizuri, nyeusi, haina joto. Mbichi Kogo hakukubali kuitoa, maana mbolea mbichi huunguza mizizi. Mlimau ulipoanza kuzaa, ndoo ileile ilirudi na malimau. Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Watu wengi huniuliza juu ya mbolea, wachache juu ya maji, na kwa Nakuru ningeanza na maji. Udongo wetu ni majivu ya volkeno. Ukichimba pale kwetu hufiki mbali kabla ya kukutana na vijiwe vyepesi vyenye matundu, ambavyo ukivitia kwenye karai la maji vinaelea. Udongo wa namna hiyo haushiki maji, na mlimau unaupenda kwa sababu hiyo. Mizizi yake ikikaa kwenye tope, shina huoza usawa wa ardhi, ganda likapasuka na kutoa gundi. Tatizo ni maji yenyewe. Mengi tunayotumia hutoka kwenye visima virefu, nayo yamepita kwenye miamba ya moto huko chini. Yana floridi, na waliokulia hapa utawajua kwa meno yenye rangi ya chai. Yana pia chumvi za magadi. Birika jipya halimalizi miezi kabla halijaota ukoko mweupe ndani.

Mlimau ukinyweshwa maji hayo kiangazi chote, kuanzia Desemba hadi mvua za Machi, udongo unazidi kuwa wa magadi. Chuma na zinki vimo ardhini lakini mizizi haiwezi tena kuvichukua. Majani machanga yanatoka madogo, ya manjano, mishipa tu ikibaki kijani. Kila jirani aliyeyaona majani hayo alishauri jivu, kwa kuwa jivu ndilo dawa ya kwanza ya shamba kwa watu waliotoka sehemu za chai, ambako udongo ni wa asidi. Kwetu jivu ni kuongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kuharibika kwa chumvi. Mama, ambaye hakuwahi kusikia habari za pH, aliligundua hilo kwa kutazama: upande uliomwagiwa maji ya bomba ulikuwa na rangi moja, na upande uliopata matone ya mabati ulikuwa na nyingine. Tangu hapo tangi la maji ya mvua likawa na wateja watatu: chai, nguo nyeupe na mlimau.

Namna ya kumwagilia nayo ina utaratibu wake. Kikombe kila jioni kinafundisha mizizi kukaa juu juu, ikaungua jua likiwaka. Mama alimwaga madebe kadhaa kwa siku moja, kisha akauacha mti hadi juma lijalo. Hakuyamwaga kwenye shina. Alichimba mfereji wa duara, wa kina kifupi, chini ya ncha za matawi, kwa sababu mizizi inayonyonya iko huko nje. Akaufunika kwa majani makavu ya mahindi, akiacha nafasi tupu kuzunguka shina ili pasiwe na unyevu. Sijaona kitabu kinachoeleza vizuri zaidi.

Wadudu ndio waliotufanya watoto tuupende mti. Kiwavi wa mlimau akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, kahawia na baka jeupe, ametulia juu ya jani kana kwamba amedondoshwa hapo. Akikua anageuka kijani, mnene kama kidole cha mtoto. Mguse mgongoni kwa kijiti: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zimelowa, na harufu kali ya tunda lililooza inakupiga puani. Kisha pembe zinarudi ndani, naye anaendelea kula. Mjukuu mmoja wa Kogo alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alipanga viwavi kwenye fensi na kuwaamrisha watoe pembe kwa zamu. Kipepeo anayetokana na kiwavi huyo ni mkubwa, mweusi mwenye madoa ya manjano, na jike lake hulipigapiga jani kwa miguu ya mbele kulionja kabla ya kutaga.

Mama alikuwa na sheria mbili kwa kiwavi mmoja. Kwenye mche mchanga alimtoa kwa mkono, maana viwavi wachache humaliza majani yote. Kwenye mti mkubwa alimwacha. Aliowachukia ni sisimizi, kwa kuwa wao hupanda kwenda kuchunga vidukari. Vidukari hunyonya majani na kutoa utomvu mtamu, sisimizi wakaulamba na kuwafukuza wadudu ambao wangewala vidukari, na kilichobaki cha utomvu huota kuvu nyeusi kama masizi. Dawa yake ilikuwa kitambaa kilichopakwa grisi na kufungwa kuzunguka shina. Grisi ilibaki kwenye kitambaa. Ganda lenyewe haikuligusa.

Baba naye alileta pareto. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha pareto, na Nakuru ya wakati ule ilikuwa mji wa pareto kama Kericho ilivyo mji wa chai; maua yale meupe yalishuka kutoka Molo, Kuresoi na Nyandarua, na kwa miongo mingi Kenya ndiyo iliyouza pareto nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Dawa ya pareto huangusha wadudu upesi, na huharibika upesi vilevile ikipigwa na jua. Baba alinyunyiza magharibi, nyuki wakisharudi mizingani, na asubuhi ilikuwa imekwisha nguvu. Mti wenye maua hakuunyunyiza kabisa. Na mlimau ni mti wa kero kwa jambo hilo, kwa sababu hapa petu karibu kila mwezi una ua mahali fulani, na mara nyingi tawi moja hubeba ua, tunda changa na limau la kuchuma.

Hilo la limau kukaa mtini lina uzito katika habari hii. Embe likiiva lina siku zake. Limau huning'inia miezi bila kuharibika. Ukilichuma halijakomaa halitaivia kapuni, na ukilivuta kwa nguvu kikonyo kinang'oka na ngozi, likaoza ndani ya juma. Linakatwa kwa mkasi. Mti wenyewe ni ghala, na mwenye subira hachumi zaidi ya anayohitaji leo.

Mwishoni mwa Januari 2008 vurugu za baada ya uchaguzi zilifika Nakuru mjini. Ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Barabara yetu ilikuwa na watu wa makabila kadhaa, na baada ya siku chache ilikuwa na wa kabila moja tu. Kogo alichukuliwa na mwanawe usiku, na mbuzi wake wakaondoka kabla yake. Sikuuliza kwa njia gani. Nyumba yake haikuchomwa. Mama alikaa jioni nyingi kwenye kigoda karibu na mlimau, anachambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa, na waliopita walimwona.

Malimau ya matawi yaliyovuka hakutuachia tuchume. Mwanamke mmoja wa barabara yetu alimuuliza anamwekea nani, na mama akamjibu kwamba yana mwenyewe. Jibu hilo lilitugharimu. Kwa muda tulikosa salamu za nyumba kadhaa. Kogo aliporudi, mvua za masika zilikuwa zimeshika, na matawi ya upande wake yalikuwa yamelalia kayaba kwa uzito. Alisimama akayatazama. Kisha akauliza kupitia tundu, "Jirani, kwa nini hamkuchuma?" Mama akasema walikuwa nayo ya kutosha upande huu. Hawakuzungumza zaidi siku ile. Majuma mengi Kogo hakuvuka kuja kwetu kunywa chai kama zamani. Alimtuma mtoto na ndoo.

Sitaki kusema limau lilileta amani. Halikuleta. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa na malimau kwa wingi, pamoja na miwa, na katika siku hizohizo kukawa na watu walioogelea gizani kwenda kukata kamba za nanga. Wareno nao walikuwa wamewatesa watu kwa mafuta ya moto ili waseme ukweli. Tunda lilipita katikati ya watu wasioaminiana, na hofu ikabaki pande zote mbili. Nikisoma habari hiyo naikumbuka ndoo ya Kogo ya mwaka ule. Iliendelea kupita, na pengine hilo ndilo lililobaki la kufanya.

Mwaka 2020 ulipita mbio. Corona ilipoingia nchini mwezi Machi, bei ya malimau na tangawizi sokoni Wakulima ikapaa, kila mtu akichemsha dawa. Watu tusiowajua waligonga geti, na mti ukabaki majani matupu. Haukutibu corona, ila koo zilipata nafuu.

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, Desemba 2021, michungwa ya Kogo ilikuwa inakufa. Tawi moja lilianza kuwa manjano, na manjano yenyewe hayakuwa yale ya maji ya magadi: yalikuwa mabaka yasiyolingana, nusu ya jani hivi na nusu vile. Matunda yalibaki madogo, yamepinda upande, chini yakiwa kijani hata yakikomaa, na ukiyakata mbegu zake zilikuwa nyeusi, zimesinyaa. Ladha chungu. Yule mjukuu wa viwavi alikuwa sasa anasomea kilimo Egerton, kule Njoro. Alikuja likizo, akaitazama michungwa ya bibi yake, kisha akaja kwetu akaomba kuuona mlimau.

Alilipindua jani changa. Juu lilikuwa na vijipele, na chini kila kipele kilikuwa shimo, na ndani ya kila shimo kamelala kadudu bapa, ka rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, kamejibana humo kama gamba. "Cucu," akamwambia mama, "hawa ndio wanaobeba ugonjwa ule wa michungwa." Akaeleza. Wakubwa wao wana mabawa, na wakinyonya hukaa wameinua matako. Wataalamu humwita mdudu huyu Trioza erytreae. Tangu 1965 watafiti wa Afrika Kusini walikwisha kuonyesha kwamba ndiye anayesambaza ugonjwa ule wa machungwa kubaki kijani. Ugonjwa na mdudu wake, kwa aina hii ya Afrika, vyote hupenda baridi. Joto likizidi digrii 30 dalili hufifia. Ni sababu mojawapo ya machungwa ya sokoni kutoka Makueni na Pwani, wakati sisi wa mwinuko huu, wenye usiku wa baridi wa Julai, tunahangaika na miti miwili mitatu.

Halafu akasema lililokuwa gumu kwa kijana mbele ya mtu aliyemlea. Mlimau huvumilia ugonjwa huo kuliko mchungwa. Wetu ulikuwa unazaa kama kawaida, lakini machipukizi yake, ambayo hayakatiki mwaka mzima, ndiyo yaliyokuwa malisho ya mdudu huyu. Kutoka kwetu hadi kwenye michungwa ya Kogo ni hatua chache.

Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama aukate.

Hapa nina maoni yangu, na si ya wote nyumbani. Vitabu vinasema ng'oa mti wenye ugonjwa, na mwenye shamba la ekari kumi za machungwa afanye hivyo leo. Lakini barabara yetu ilikuwa na mlimau karibu kila ploti. Kuukata mmoja kungekuwa adabu njema, na mdudu angehamia wa jirani kabla ya jioni. Hata hivyo kuuacha kama ulivyo hakukuwa sawa pia, na Kogo, ambaye hakuwahi kuomba ukatwe, alikuwa anatazama michungwa yake ya miaka yote hiyo ikigeuka kuni.

Mama na Kogo walikubaliana hivi. Michungwa iling'olewa, kwa kuwa ilikuwa haina faida tena, na mahali pake pakapandwa parachichi la Hass, ambalo si la ukoo wa malimau na halina habari na mdudu huyu. Mlimau ulipunguzwa: matawi makavu, yale marefu yanayopanda wima bila kuzaa, na machipukizi yote yenye vijipele, yakachomwa. Mama alizunguka ploti kwa ploti kuomba wenye milimau wafanye vivyo hivyo wakati mmoja, mvua zinapoanza na machipukizi yanatoka kwa pamoja. Baadhi walikubali. Wengine walisema mti wao hauna neno. Kwa wale waliokubali, pareto ilinunuliwa kwa mchango na kunyunyizwa kwao wote jioni moja.

Na mama akaongeza sheria ambayo imempa sifa ya uchoyo. Juzi mwanamke wa chama chake alikuja kuomba vijiti vya kwenda kubebesha nyumbani kwake, upande wa Subukia. Mlimau wetu unajulikana. Una ngozi mbaya ya mikunjo lakini maji tele. Mama alimjazia mfuko malimau hadi mishikio ikavutika, akamtoa hadi getini.

"Na vijiti?" mgeni akauliza.

"Kijiti hakitoki hapa. Kinabeba ugonjwa. Panda mbegu, mbegu haina shida."

"Mbegu itanichukua miaka mingapi?"

"Saba."

Mgeni alicheka kwa namna ya mtu aliyenyimwa. Mama akamwambia kama ana haraka aende kwenye kitalu kilichokaguliwa, aulize cheti kabla ya kuuliza bei, asinunue mche wenye vipele kwenye jani hata akipewa bure. Mwanamke yule hajapita kwetu tangu siku hiyo, na kwenye chama, nasikia, anasema kuna watu wanaogawa matunda na kuficha mti.